Neno "Kale" na Chuma Kisichozeeka

Ya kale ni dhahabu, hunena wahenga. Yamkini walipoyanena hayo hawakuwa na bastola akilini mwao. Hata hivyo wako watu, hasa nchini Marekani, ambao wameyatwaa maneno hayo na kuyafanya kanuni ya maisha. Mzee hufariki, watoto wake wakafungua kabati ambalo halikuguswa kwa miaka mingi, na nyuma ya makoti ya majira ya baridi wakakuta kisanduku cha mbao kilichotandikwa mahameli. Ndani yake imelala bastola. Habari huenea upesi miongoni mwa wakusanyaji wa silaha kongwe. Wajuzi huitwa, huinama juu ya meza, miwani puani, kitambaa laini mkononi, na sauti zao hushuka kama za watu walio katika nyumba ya ibada. Mmoja hunong'ona kwamba tangu aanze kukusanya hajapata kuiona nyingine ya aina hiyo ila katika picha.

Jambo hili laweza kumchekesha msomaji wa Kenya, au likamkasirisha. Sisi ambao habari za bunduki hutufikia zikiwa zimefungamana na wizi wa mifugo na ujambazi, twawezaje kumwelewa mtu aionaye bastola akalengwalengwa na machozi ya furaha? Naomba subira kidogo. Nimeyasoma maandishi ya wakusanyaji hawa kwa muda sasa. Mwanzoni nilivutwa na istilahi zao, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Baadaye nilitambua kwamba nyuma ya istilahi hizo limejificha swali ambalo sisi pia tumewahi kulijibu, tena kwa gharama kubwa: ni nani mwenye mamlaka ya kusema chombo hiki ni nini?

Tuanze na chombo chenyewe. Rivolva ni bastola yenye silinda izungukayo, ambamo risasi hukaa kila moja katika tundu lake. Rivolva ya shabaha ni ile iliyoundwa kwa mashindano ya kulenga, wala si kwa vita au ulinzi wa nyumba. Mojawapo ya zile zinazotamaniwa sana ni ile iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson ya mji wa Springfield, Massachusetts, kwa jina la New Model No. 3 Target. Bastola mama ya ukoo huo ilianza kuuzwa mwaka 1878. Toleo la shabaha lilifuata katika miaka ya 1880 na likaendelea kuuzwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na idadi yake yote ilikuwa zaidi kidogo ya 4,000. Mtutu wake una urefu wa inchi sita na nusu. Ukiifungua hukunjika kwa bawaba iliyo mbele ya silinda, na maganda yote ya risasi hurushwa nje kwa pamoja. Risasi zenyewe zilikuwa za ajabu: kipande cha risasi kilizamishwa chote ndani ya ganda hata kisionekane, na baruti ilikuwa kidogo, maadamu iliyokusudiwa kutobolewa ilikuwa karatasi.

Lakini hata chombo hiki cha mchezo kina nasaba ya kijeshi. Mwaka 1871 serikali ya mfalme wa Urusi iliagiza rivolva kwa wingi kutoka kiwanda hicho cha Springfield, na katika miaka michache iliyofuata ikapokea zaidi ya 100,000. Warusi walidai risasi iliyo bora kuliko ile ya Kimarekani, na kutokana na dai hilo ikazaliwa risasi ya .44 ya Kirusi, ambayo walengaji wa mashindano waliipenda mno kwa sababu haikwenda upande. Naomba msomaji aikumbuke risasi hii. Tutakutana nayo tena mahali pasipo na mahameli.

Sasa tazama jinsi mjuzi anavyoikagua bastola iliyookotwa. Kwanza husoma nambari. Nambari iliyochongwa chini ya mpini yapasa ilingane na ile iliyo kwenye silinda, na ile iliyo kwenye mtutu. Zikitofautiana, kuna mkono uliochanganya vipande. Pili huzitazama kingo za herufi zilizochongwa. Zikiwa butu, bastola ilisuguliwa na kupakwa rangi upya, na thamani yake imeanguka, hata ikimeta kama kioo. Mkwaruzo wa kweli huthaminiwa kuliko mng'aro wa uongo. Tatu, huandikwa barua kwa watunzaji wa daftari za kiwanda, nao hujibu kwa barua ielezayo bastola yenye nambari hiyo ilitoka kiwandani siku gani, ikiwa na mtutu wa urefu gani, na ikapelekwa kwa muuzaji yupi.

Yeyote aliyewahi kushughulikia miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu atautambua mwendo huu papo hapo. Tunafanya yayo hayo: tunaitazama karatasi, tunautazama wino, tunalitafuta jina la mnakili na tarehe mwishoni, na tunamshuku mtu aliyeusafisha mswada kupita kiasi. Ndiyo maana siwezi kuwadhihaki wakusanyaji hawa. Usomaji wao ni usomaji wa kweli, na umakini wao ningefurahi kuuona katika baadhi ya tasnifu ninazosahihisha.

Neno letu "shabaha" nalo lina siri yake. Mwanafunzi hulijua kama kitu kinacholengwa, au nia. Lakini asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa "shabihi", na maana yake ya awali ni mfano au sura ya kitu. Shabaha, basi, ni mfano wa kitu, sura iliyosimamishwa mahali pa mwili halisi. (Maneno mengine ya ukoo wa silaha yana hadithi zake: "bunduki" lilianza kama jina la kokwa, likawa jina la kijidonge cha kurushwa, kisha la chombo kirushacho, nayo "risasi" si kitu kingine ila lile madini zito la rangi ya kijivu. "Mzinga" sote twaujua, na nyuki waliutangulia.) Mchezo wote wa kulenga umesimama juu ya ubadilishaji huo wa mwili kwa mfano.

Hakuna aliyeuonyesha ubadilishaji huu vizuri kuliko Walter Winans, Mmarekani aliyezaliwa Urusi na kuishi Uingereza, ambaye jina lake wakusanyaji wa rivolva za shabaha hulitaja kwa heshima. Alijipatia sifa katika uwanja wa Bisley, kusini mwa Uingereza, ambako mashindano makuu ya kulenga ya nchi hiyo yalihamishiwa mwaka 1890, na mwaka 1901 akachapisha kitabu kizima juu ya sanaa ya kulenga kwa rivolva. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 alishinda dhahabu kwa kulenga kwa bunduki sanamu ya paa akimbiaye. Miaka minne baadaye, mjini Stockholm, alishinda dhahabu nyingine, safari hii kwa kuchonga sanamu ya farasi, kwani enzi hizo sanaa nayo ilishindaniwa. Mtu huyo mmoja alitunukiwa kwa kuitungua sanamu, kisha akatunukiwa kwa kuiumba.

Basi bastola ya namna hii ikiibuka, wakusanyaji hushangilia chombo ambacho, kwa kadiri ya ushahidi, hakikumuua mtu. Hapo ningetaka kuwa mwadilifu. Kuna dhana kwamba kila apendaye silaha kongwe apenda damu. Hilo si kweli. Lakini si kweli pia kwamba damu haina soko. Mwezi wa Agosti 2021 mnada wa Bonhams huko Los Angeles uliuza rivolva ya Colt kwa zaidi ya dola milioni 6. Bastola hiyo haikuwa adimu kwa umbo. Colt za aina hiyo zilitengenezwa kwa maelfu mengi. Kilichoipandisha bei ni kwamba kwayo afisa wa usalama Pat Garrett alimuua jambazi Billy the Kid mwaka 1881, na kwamba zilikuwapo hati za kuthibitisha ilivyopita kutoka mkono hadi mkono. Ondoa hati hizo, ibakize bastola. Mnunuzi atalipa sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Mamilioni yale yalilipwa kwa ajili ya sentensi moja yenye ushahidi.

Hapa ndipo tunapoliingilia neno "kale". Sheria ya udhibiti wa silaha iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1968, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy, haikuliacha neno hilo lielee. Ilisema kwamba silaha ya kale ni ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Iliyotimiza sharti hilo haihesabiwi kuwa silaha ya moto machoni mwa sheria hiyo. Rudia kuisoma sentensi hiyo, ewe mwanafunzi wa semantiki. Sheria haikusema kwamba silaha ya kale imelegezewa masharti. Ilisema kwamba, kwa madhumuni ya sheria hiyo, kitu chenye mtutu, silinda na kifyatulio, kinachoweza kupokea risasi leo na kuifyatua leo, si silaha ya moto. Bastola mbili za muundo mmoja, moja ya Desemba 1898 na nyingine ya Januari 1899, zimetengwa na neno, na chuma hakijui.

Na kwa kuwa neno "kutengenezwa" nalo halina mpaka dhahiri, mabishano huzuka. Bastola haizaliwi siku moja. Kiunzi chake chaweza kufuliwa mwaka huu, kikakaa ghalani, kikaunganishwa na kuuzwa miaka kadhaa baadaye. Wakusanyaji wa Smith & Wesson hushikilia kwamba viunzi vya New Model No. 3 vilifuliwa vyote kabla ya 1899, na kwa hiyo hata ile iliyomfikia mnunuzi mwaka 1905 ni ya kale. Sina ugomvi na hesabu yao. Nasema tu kwamba huu si mjadala wa chuma. Ni mjadala wa kitenzi.

Waingereza walipita njia nyingine, tena mwaka huo huo wa 1968. Sheria yao iliruhusu mtu kuwa na silaha ya kale bila leseni, mradi aiweke kama kitu cha makumbusho au pambo, lakini haikueleza "kale" ni ya lini. Kwa muda mrefu wakusanyaji na polisi waliishi kwa orodha ya aina za risasi zilizopitwa na wakati: bastola inayotumia risasi isiyouzwa tena dukani ilihesabiwa kuwa haidhuru. Mantiki hiyo ilionekana kuwa timamu. Kisha yakatokea mauaji ya watoto wa shule mjini Dunblane mwaka 1996, na mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku karibu zote. Magenge ya mijini yakakosa bastola mpya, yakaanza kuzitazama za kale.

Mwaka 2017 mahakama mjini Birmingham ilimhukumu mfanyabiashara mmoja wa silaha kongwe kifungo cha miaka 30. Alikuwa mjuzi aliyeheshimika. Aliagiza bastola za kale kutoka Marekani kwa njia iliyoonekana halali, na risasi ambazo dunia iliamini kwamba zimekwisha alizitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kila moja kwa kipimo cha bastola yake. Polisi walizihusisha silaha na risasi zake na matukio ya uhalifu zaidi ya 100, yakiwamo mauaji. Ule ujuzi ambao mkusanyaji mwadilifu huutumia kuisoma nambari, yeye aliutumia kuifufua silaha. Mwezi wa Machi 2021 Uingereza hatimaye ilitunga kanuni zinazolifafanua neno "kale", na kutoka katika orodha ya risasi zisizodhuru ziliondolewa aina saba. Mojawapo ya hizo saba ni ile ya .44 ya Kirusi, kipenzi cha walengaji wa Bisley.

Nimelitaja hilo bila furaha, kwani najua kwamba wakusanyaji wengi mno hawana hatia. Lakini sikubaliani nao wanaposema kwamba umri wenyewe unatosha kuivua bastola meno. Umri haukuivua chochote. Kilichoivua meno kwa miaka mingi ni ukosefu wa risasi, na risasi hutengenezeka.

Kenya inaingiaje humu? Inaingia kwa mlango wa Nyeri. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kandokando ya msitu. Wengi wa wanafunzi wetu, ukiwauliza alishtakiwa kwa kosa gani, watajibu kwamba ni uasi, au uhaini, au mauaji. Sivyo. Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva moja, pamoja na risasi zake, bila idhini au udhuru wa kisheria, kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilikuwa imefanya kuwa na silaha kosa la kunyongwa, na kwa makosa ya namna hiyo na mengine ya Hali ya Hatari Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa. Kesi ilisikizwa Nyeri mwezi wa Novemba mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor, na wazee Waafrika watatu wa baraza. Tarehe 18 Februari 1957 Kimathi alinyongwa Kamiti.

Weka basi rivolva hizo mbili mezani ubavu kwa ubavu. Moja imeandikiwa barua ya kiwanda, na mwenyewe hupongezwa. Nyingine iliandikiwa hati ya mashtaka, na mwenyewe hakurudi nyumbani. Hapana shaka mtu atanijibu kwamba mazingira yalitofautiana, moja likiwa pambo la kabatini na nyingine chombo cha vita. Nakubali. Lakini hebu tusikilize maneno. "Pambo" ni udhuru. "Mkusanyo" ni udhuru. Waingereza walikuwa na orodha ndefu ya udhuru kwa ajili ya bastola zilizolala katika nyumba zao za mashambani, na walowezi wa Nyeri waliruhusiwa kutembea nazo kiunoni. Kwa Mwafrika wa Mlima Kenya orodha hiyo ilikuwa fupi mno, na ufupi wake haukusababishwa na umbo la bastola.

Ninao wanafunzi ambao hunijia na pendekezo kwamba sisi nasi tungekuwa na wakusanyaji. Silitaki pendekezo hilo. Nchi ambayo ng'ombe huibwa kwa mtutu wa bunduki haiwezi kuanza kuzigawa bunduki kwa umri. Serikali imekuwa ikizichoma silaha haramu hadharani, nami naunga mkono: 5,250 ziliteketezwa huko Ngong mwaka 2016, na nyingine 5,144 mwaka 2021. Lakini kila nionapo picha za rundo lile najiuliza kama kuna aliyeketi na kalamu akazisoma nambari moja baada ya nyingine, kama afanyavyo yule mzee wa Marekani mwenye kitambaa laini. Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, iliyotiwa saini hapa mwezi wa Aprili 2004, inataka silaha zitiwe alama ili ziweze kufuatiliwa. Alama isiyosomwa ni kovu tu. Bunduki ikisomwa hueleza ilitoka kiwanda gani, ikapitia ghala la jeshi lipi, na ni mpaka upi uliolala usingizi ilipovuka. Tukiijumlisha na nyingine kuwa tarakimu moja ya gazetini, habari hizo zote huenda na moshi.

Kwa walimu wa historia na wa fasihi nina neno moja zaidi. Katika barabara ya Kimathi jijini Nairobi ipo sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Sanamu hiyo imeshika bunduki ndefu. Rivolva ya hati ya mashtaka haimo. Sina lawama kwa mchongaji, kwa sababu bastola ndogo ingepotea katika kiganja cha shaba, na shabaha, kama tulivyoona, si lazima ifanane kwa kila jambo na mwili inaousimamia. Ila mwanafunzi apitapo hapo na mwalimu wake, na aambiwe juu ya chombo kisichoonekana.

Yakihitajika maandishi ya kumthibitishia, yapo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walichapisha tamthilia yao juu ya kesi hiyo mwaka 1976, nasi tukaifundisha miaka nenda miaka rudi ilhali rekodi ya mahakama yenyewe ikidhaniwa kuwa imepotea. Rekodi hiyo ilipatikana, na mwaka 2017 ikachapishwa kitabuni, na utangulizi wa waandishi hao hao wawili, pamoja na hati za mashtaka, ushahidi na hukumu. Mhariri wake ni Julie MacArthur, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Toronto. Aliyekichapisha ni Ohio University Press, Marekani.